Diski ya Tatu

Ilianza kwa mlio ambao si mlio hasa,
tik, kimya, tik, tik,
kama mtu aliyekwamwa na neno kooni.
Saa nane na robo usiku, Soweto, Moshi,
mbwa wa kina Mmari wamechoka kubweka,
na chini ya ngazi, pale tulipokuwa tukivundika ndizi,
taa ya tatu imegeuka nyekundu.

Nikachuchumaa na kanga yangu ya kulalia.
Sanduku lilikuwa na joto la kuku anayeatamia.
Diski nne, nilizinunua siku moja, duka moja, nyuma ya stendi,
katoni moja, namba zao zikifuatana
kama majina kwenye daftari la mahudhurio.
Ndesario akanisifia: dada, mapacha hawa.
Nami nikafurahi! Sikuuliza
kama mapacha huugua pamoja.

Ndani mna risiti za kodi, mna kipaimara cha Aikande,
na mna picha elfu kumi na moja za baba,
negativu nilizoziskani mwaka mzima, Jumamosi kwa Jumamosi:
maharusi wa Kirua, wa Kibosho, wa Uru,
wamesimama mbele ya pazia lililochorwa mlima
ilhali mlima wenyewe uko dirishani.
Mlima wa kweli, alisema baba, hauji kwa miadi.

Niliambiwa tangu mwanzo: ikifa moja, tatu zitaikumbuka.
Sikuelewa mpaka matanga yake.
Anaeli alikumbuka alivyofunga tai,
mimi, harufu ya dawa ya kusafishia picha vidoleni,
na Kaanaeli, aliyeishi Mwanza miaka yote,
akakumbuka kikohozi cha asubuhi kwenye simu.
Tukajumlisha, tukatoa, tukampata.
Si yeye. Hesabu yake.

Diski mpya ilitoka Arusha na basi la jioni,
imefungwa ndani ya sweta kuukuu.
Nikahesabu kutoka kushoto. Nikahesabu tena.
Kuna mtu wa Pasua alichomoa nzima akaiacha mbovu,
hadi leo hapendi kuulizwa.
Nikachomoa. Nikachomeka. Asilimia moja.
Saa kumi na tisa zimebaki, ikasema,
kisha ishirini na moja, kisha kumi na saba,
kama fundi seremala anayeahidi kabati.

Asilimia sitini na moja, umeme ukakatika.
Mtaa mzima, mpaka kule Majengo.
Betri ikaniambia: dakika ishirini na mbili.
Nikakokota kebo juu ya michongoma,
mbwa wakapata nguvu upya,
na Mama Mmari akatoka na tochi,
jenereta lake likinguruma nyuma yake:
Nichomekee wapi? Unaokoa nini usiku huu, nyama?
Nikasema ndiyo, mama. Nyama.
Ningeanzia wapi kueleza.

Sitini na mbili. Sabini. Nililala sakafuni,
sikio kwenye bati, nikisikiliza feni.
Kumekucha, tisini na nane, jogoo, tisini na nane,
tisini na nane mpaka chai ikapoa.

Ilipotimia nikafungua picha ya kwanza iliyokuja,
sikuchagua. Bibi harusi, mwaka themanini na saba,
shela imempanda kichwani kama wingu,
na nyuma yake ule mlima wa rangi ya mafuta, theluji tele.
Mama Mmari. Amefumba macho.
Baba hakuitupa. Kwa penseli, pembeni, aliandika: *nyingine ipo*.
Hiyo nyingine niliitafuta mpaka saa tano.
Faili lipo, jina lipo, ukilifungua ni kijivu kitupu.

Kisha, katika ule utulivu, diski ya pili:
kimya. Kimya. Tik.

Nikampigia Anaeli.
Njoo na gari, nikamwambia, leo, usisubiri Jumapili.
Kuna mzigo unatakiwa kulala kwako Kibosho.
Hapana, hauli. Unataka tu mahali pakavu,
mbali na huu.